Picha hafifu za PET za panya: tusiilaumu skana peke yake

Picha ya PET ya panya (inayoonyesha mahali dawa yenye mionzi iliyodungwa imekwenda mwilini) ikitoka na ukungu, maabara nyingi hudai skana mpya au programu mpya ya kuunda picha. Dai hilo lina msingi. Panya wa maabara wa gramu 25 ana ubongo usiofika nusu gramu, ilhali skana nyingi za wanyama wadogo hutenganisha vitu kwa milimita 1 hadi 1.5. Anayechunguza sehemu ndogo za ubongo hana njia nyingine ila mashine bora.

Lakini ubora huo una bei. Ukishuka kutoka milimita 2 hadi 1, kila kijisanduku cha picha hubaki na thumuni ya ujazo wake wa awali, kwa maneno mengine 1/8, na hesabu za fotoni hupungua vivyo hivyo. Chembechembe hujaa pichani. Ukitumia Ga-68 (galiamu yenye mionzi), positroni, yaani chembe inazotoa, husafiri wastani wa zaidi ya milimita 2 kabla ya kuangamia na kutoa fotoni, kwa hiyo kristali nyembamba za kunasa fotoni kwenye skana hazikuokoi.

Kinachopuuzwa ni baridi. Nyuzi 22 zinamfaa mtafiti aliyevaa koti. Panya hustarehe karibu na 30. Akipata baridi, mafuta ya kahawia ya shingoni na katikati ya mabega huchoma sukari ili kumpasha joto, na FDG, sukari yenye mionzi anayodungwa kabla ya skani, huenda huko. Uvimbe uliopandikizwa begani humezwa na mng'ao huo. Kosa la kawaida ni kuwasha pedi ya joto panya akishalala kwenye skana. Umechelewa: FDG imekwisha kunaswa ndani ya seli, na hakuna programu itakayoihamisha. Pedi iwashwe nusu saa kabla ya kudunga, na joto lidumu saa nzima ya kusubiri hadi mwisho wa skani, maana nusukaputi humnyima panya uwezo wa kujipasha. Chakula kiondolewe saa 4 hadi 6 kabla, maji yabaki. (Kwa utafiti wa kisukari, suala la njaa lipimwe upya.) Kwa usingizi, mchanganyiko wa ketamini na zailazini hupandisha sukari ya damu, kwa hiyo isoflureni ndiyo afadhali.

Halafu mkia, ambako dozi hudungwa. Dozi ya mililita 0.1 au 0.2 ikivuja nje ya mshipa, kipimo cha mionzi kwenye uvimbe hushuka ingawa daftari linaonyesha dozi kamili. Pima mabaki ya sindano, na mkia uingie kwenye picha. Wengi huuacha nje ya picha.