Kitabu cha ufunguzi hakistahili lawama hizi

Programu nyingi za sataranji hazianzi mchezo kwa kupiga hesabu. Hutumia kitabu cha ufunguzi, yaani hifadhi ya mikao na hatua zilizochaguliwa mapema, na kucheza kutoka humo papo hapo hadi utokee mkao usiomo. Wanaokipinga wanasema mashine imekariri tu, na sifa ni ya waliokiandaa.

Mfano wao mkubwa ni mchezo wa sita kati ya Deep Blue, kompyuta ya IBM, na Garry Kasparov, Mei 11, 1997. Katika ufunguzi uitwao Caro-Kann, Kasparov, akicheza nyeusi, alisukuma kitunda hadi mraba wa h6 kwenye hatua ya saba. Deep Blue ikamtoa farasi mhanga pale e6, na ilipofika hatua ya 19 bingwa wa dunia akakubali kushindwa. Mhanga ule ulitoka kitabuni.

Ni kweli. Lakini Kasparov naye alikuwa anacheza nadharia aliyojifunza nyumbani, na kilichomponza ni kusukuma h6 kabla ya wakati wake. Hakuna anayemtaka bingwa aketi mezani akiwa amesahau aliyoyasoma. Mbona mashine idaiwe hivyo? Halafu mhanga wenyewe hulipa polepole: mfalme mweusi anakwama katikati, kete zake zinabanana, na farasi harudishwi upesi. Programu ya enzi zile, ikiachiwa hesabu peke yake, ilielekea kuona farasi aliyepotea bure, kwa kuwa faida ilikuwa mbali kuliko upeo wake. Kitabu kiliwekwa kwa ajili ya mikao ya aina hii hasa.

Hoja nzito zaidi dhidi ya kitabu ililetwa na AlphaZero, programu ya DeepMind, mwaka 2017. Ilipewa sheria tu, bila mchezo hata mmoja wa binadamu, ikajifunza kwa kucheza na nafsi yake. Katika michezo 100 dhidi ya programu nyingine, Stockfish 8, ilishinda 28, ikatoka sare 72, haikupoteza wowote. Stockfish, tukumbuke, ilinyimwa kitabu katika mechi ile.

Nami sibanduki kwenye idadi nyingine: michezo milioni 44. Ndiyo takriban iliyochezwa wakati wa mafunzo, yote kabla ya mechi, na mafunzo hayo yakabaki ndani ya mtandao wake wa neva, yaani mfumo wa namba unaoiongoza kuchagua hatua. Basi ujuzi wa ufunguzi ulikuwepo tangu hatua ya kwanza, umeandaliwa mapema kama ule wa kitabuni. Tofauti ni kwamba kitabu unaweza kukikagua mstari kwa mstari na kufuta hatua mbovu. Mtandao wa neva haukuruhusu hilo.

TCEC, mashindano ya programu za sataranji, yamepata njia ya kati: waandaaji huchagua ufunguzi, na kila programu huucheza kwa nyeupe, kisha kwa nyeusi. Ni haki, ingawa uwezo wa kuchagua pa kuanzia haupimwi kabisa.

Kitabu kibaki. Wanaochapisha michezo ya mashine waoneshe tu hatua ambayo kitabu kiliishia, ili msomaji ajue kipi kilihesabiwa mezani na kipi kililetwa kikiwa tayari.