Hostia zilizotoka damu: shaka ilianzia ndani ya Kanisa

Katika kanisa kuu la Orvieto, Italia, kimehifadhiwa kitambaa cha altare chenye madoa. Mapokeo yanasimulia kwamba mwaka 1263 padre mmoja, Petro wa Praha, aliadhimisha Misa mjini Bolsena huku akisumbuliwa na shaka kama kweli mkate hugeuka kuwa Mwili wa Kristo. Hostia, yaani mkate mwembamba wa Misa, ikatoka damu mikononi mwake, ikalowesha kitambaa.

Wakosoaji wa leo hukimbilia bakteria. Serratia marcescens huota kwenye vyakula vya wanga vyenye unyevu na kutoa rangi nyekundu kama damu. Bartolomeo Bizio aliichunguza mwaka 1819 karibu na Padova, baada ya polenta, yaani ugali wa Waitaliano, kugeuka nyekundu na kuwatia watu hofu. Hoja hiyo inatosha kwa hostia iliyosahaulika mahali penye unyevu. Kwa hostia inayodaiwa kutoka damu Misa ikiendelea, haitoshi.

Ila watetezi nao wana kazi. Husemwa kwamba Bolsena ndiyo iliyozaa sikukuu ya Mwili wa Kristo. Papa Urbano IV aliitangaza kwa Kanisa lote mwaka 1264, akiwa Orvieto kwenyewe, jirani kabisa na Bolsena, na hati yake haiutaji muujiza huo. Tena jimbo la Liège, alikowahi kuwa shemasi mkuu, lilikuwa limeianzisha sikukuu hiyo tangu 1246 kwa juhudi za Juliana, mtawa wa huko. Ukimya wa Papa hauthibitishi uongo, lakini kwangu una uzito kuliko bakteria wote.

Thoma wa Akwino, mwanateolojia mkubwa wa karne hiyohiyo, ambaye hakuna atakayemwita mpinga Ekaristi, alikuwa mwangalifu vilevile. Alifundisha kwamba nyama au damu ikionekana katika hostia, kinachoonekana si Mwili wa Kristo katika umbo lake halisi, maana katika umbo hilo yuko mbinguni. Kristo yumo kisakramenti, kama alivyokuwamo kabla ya ishara hiyo.

Huko Wilsnack, Ujerumani, hostia tatu zenye wekundu zilipatikana kwenye magofu ya kanisa lililochomwa mwaka 1383, na mahujaji wakamiminika. Jan Hus, padre mwanamageuzi wa Praha, akaandika kuupinga muujiza huo. Mwaka 1451 Kardinali Nicholas wa Cusa akakataza hostia za namna hiyo zisionyeshwe kwa waumini. Hija ikaendelea hata hivyo, na mji ukaendelea kunufaika.

Atakayesema masimulizi haya ni ibada tu isiyomdhuru mtu, aangalie Deggendorf, Bavaria. Wayahudi wa mji huo waliuawa mwaka 1338, kisha ikaenezwa hadithi kwamba walikuwa wameinajisi hostia, na mauaji yakapata uhalali. Hija iliyojengwa juu ya hadithi hiyo ilidumu karne nyingi, hadi askofu wa Regensburg alipoifuta mwaka 1992.