Mpira wa gofu wa mabingwa upunguzeni mbio, wa kedi uacheni

Jumapili Old Course ya St Andrews, Uskoti, haichezwi. Uwanja huo wa gofu unaojulikana dunia nzima hufungwa, wenyeji wakaingia na mbwa wao, watoto na chupa za chai, wakakatiza kwenye nyasi kuelekea ufukweni. Ni ardhi ya umma. Mimi huja kwa basi kutoka Dundee, ninakofanya kazi ya kutunza wazee, na nikiwa sina zamu hupenda kusimama karibu na kile kidaraja cha mawe cha shimo la 18 nikiwatazama. Mtoto anabingirika kwenye nyasi zile zile alizozikanyaga Cameron Smith alipotwaa mashindano makubwa ya The Open mwezi Julai 2022, na hakuna anayemkemea.

Mara ya kwanza sikuamini macho yangu. Mimi ni mtu wa Nakuru, mtaa wa London, chini ya Menengai. Kwetu gofu tuliitazama kupitia ua wa kaiyaba. Ukitaka kuingia, na kwenu hakuna pesa, uliingia kubeba begi la fimbo za mchezaji, kazi ya kedi. Nilianza nilipomaliza darasa la nane, na begi za watu zikanilipia karo ya sekondari. Hapa dereva wa basi anacheza, muuguzi anacheza, fundi wa mabomba anacheza. St Andrews kuna viwanja saba vya umma, kimoja, Balgove, kina mashimo tisa tu na kiliwekwa kwa ajili ya watoto na wanaoanza. Nikiona mtoto wa shule ndani ya basi na fimbo zake begani, huwa nawakumbuka vijana niliobeba nao begi, waliokuwa na mikono ya dhahabu lakini siku yao ya kucheza ilikuwa Jumatatu pekee.

Kuna jambo moja hata hivyo ambalo Nakuru inaishinda Uskoti, nalo ni watu. Hapa kila mtu hujivutia kigari chake. Nimemaliza mashimo 18 na mwenzangu bila kujua ana watoto wangapi. Nyumbani kedi atakusomea grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, atakuambia upepo wa kutoka ziwani umeanza, atakuuliza mama ameamkaje, na kufika shimo la tisa mmeshaijadili siasa ya kaunti nzima.

Leo lakini nimeandika kwa sababu ya mpira.

Sheria za gofu hutungwa na mashirika mawili. USGA inasimamia Marekani na Mexico. Kwingine kote, Nakuru na Kisumu zikiwemo, ni R&A, ambao makao yao ni mji huu huu wa St Andrews. Machi 2023 walileta pendekezo: mashindano ya wachezaji wakubwa yawe na hiari ya kutumia mpira usioruka mbali sana, sisi wengine tuachwe na mipira yetu. Ligi kubwa ya kulipwa ya Marekani, PGA Tour, ilikataa. Watengenezaji wa mipira wakakataa pia. Basi Desemba mwaka huo R&A na USGA wakatangaza kwamba kanuni itakuwa moja kwa kila mtu: mashindano ya juu kuanzia Januari 2028, wachezaji wa kawaida kuanzia Januari 2030.

Namna yenyewe ni rahisi kuelewa. Kuna mashine inayoupiga mpira kwa kipimo kisichobadilika. Tangu 2004 ilipiga kwa kasi ya maili 120 kwa saa, na mpira haukuruhusiwa kupita yadi 317, ukiongezewa tatu za ziada zinazovumiliwa. Sasa mashine itapiga kwa maili 125, na kikomo kinabaki pale pale. Ukipigwa kwa nguvu zaidi na bado usivuke mstari ule ule, ni lazima mpira wenyewe uwe umepunguzwa mbio. Kwa hesabu yao, wapigaji wa mbali kabisa watapoteza yadi 13 hadi 15, wanawake wa kulipwa tano hadi saba, na mtu wa kawaida tano au chini yake.

Sisemi kwamba hakuna tatizo, maana tatizo nimeliona kwa macho. Wastani wa mpigo wa draiva, ile fimbo ya kupigia mbali kabisa, kwenye PGA Tour mwaka 1980 haukufika yadi 260. Mwaka 2023 ulikaribia 300. Viwanja vinafuata mbio hizo. Augusta, uwanja wa Marekani wa mashindano ya Masters, walipata ardhi kutoka klabu jirani, na kufikia mashindano ya 2023 shimo lao la 13 lilikuwa limerudishwa nyuma yadi 35. Hapa St Andrews shimo la 17 lilirefushwa hadi yadi 495 kwa ajili ya The Open ya 2010. Wenye pesa wanaweza. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, na nyumba zimekaribia kila upande. Ni klabu gani ya Kakamega, Kitale au Kericho itakayonunua shamba la jirani ili kuwarudisha nyuma vijana wanaopiga mbali? Na kurefusha uwanja ni maji zaidi, mbolea zaidi, na mshahara wa mkata nyasi zaidi.

Kwa hiyo wapunguzwe. Wapunguzwe mabingwa, kwa kuwa wao ndio waliouzidi uwanja. Kinachoniuma ni kwamba waliokataa ni wale wanaolipwa, na mzigo umegawiwa sisi tusiolipwa.

Mtu ataniuliza, yadi tano ni nini? Kweli, yadi tano si kitu. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira huenda. Nilipofika hapa kando ya bahari, mwezi wa Februari, hewa nzito na upepo wa baridi usoni, fimbo yangu namba saba iliyokuwa ikivusha mpira bwawa kule nyumbani ilipungukiwa kwa zaidi ya hizo yadi tano. Nikazoea. Mtu huongeza fimbo moja akaendelea na safari.

Shida yangu haiko kwenye yadi. Iko kwenye mfuko wa mipira.

Wasioijua gofu ya kwetu hawajui kwamba mpira mpya ni wa mwanachama, na mpira uliookotwa ni wa kedi. Tulitafuta kwenye vichaka na mitaro asubuhi na mapema kabla raundi hazijaanza. Tuliosha kwa sabuni ya kufulia, tukapanga kwa hali: usio na alama, ulio na wino, uliokwaruzwa, uliokatika. Ule safi ulikuwa wa kuuza, shilingi 20 au zaidi, na hiyo ilikuwa nauli au mkate. Uliokwaruzwa ulikuwa wa kucheza wenyewe Jumatatu. Uliokatika ulikuwa wa mazoezi ya jioni nyuma ya mabanda. Mpira mmoja uliweza kupita mikononi mwa watu sita kwa miaka minane. Jina la kiwandani lilifutika kabisa, ukabaki mweupe kama yai, na bado uliingia shimoni.

Hapa ng'ambo biashara hiyo ipo pia. Kuna kampuni zinazotoa mipira kwenye mabwawa, zinaiosha, zinaipanga kwa daraja na kuiuza kwa mifuko. Wazee wa kazini kwangu waliocheza gofu zamani waliniambia hawakuwahi kununua mpira mpya isipokuwa siku za kuzaliwa. Yaani hata huku mtu wa kawaida anacheza na mpira wa mkono wa pili. Lakini yeye, sheria ikibadilika, ataagiza mfuko mwingine kwa simu na utafika kesho.

R&A na USGA walisema wenyewe kwamba zaidi ya asilimia 30 ya aina za mipira iliyokuwa ikiwasilishwa kukaguliwa inatarajiwa kubaki halali. Ukiigeuza hesabu hiyo, nyingi hazitabaki. Na uhalali wa mpira hutambuliwa kwa alama zilizoandikwa juu yake, ukilinganishwa na orodha. Sasa mwaka 2030 kedi wa Nakuru atashika mpira usio na jina, uliotengenezwa nani ajuaye lini, atajuaje kama ni halali? Na siku ya mashindano ya makedi, zawadi ni seti ya fimbo au karo, ameshinda kwa kipigo kimoja, kisha mtu aseme onyesha mpira wako. Nani atamtetea?

Wanaotetea kanuni moja husema gofu ni mchezo mmoja na lazima uwe na sheria moja. Ni maneno mazuri, lakini historia yake wanaiacha nusu. Kwa miaka mingi Uingereza ilikuwa na mpira mdogo wa inchi 1.62 na Marekani mkubwa wa inchi 1.68. The Open ililazimisha mkubwa kuanzia 1974, ilhali watu wa kawaida waliruhusiwa mdogo hadi 1990. Hapo palikuwa na bingwa na mwenzake wa kijijini wakitumia mipira tofauti kisheria, katika nchi moja, kwa miaka 16. Mwaka 2010 mifereji midogo iliyochongwa kwenye nyuso za fimbo ilibanwa kwa wa kulipwa kwanza, na sisi wengine tukapewa miaka mingi ya kumalizia fimbo zetu. Januari 2022 ilikuja kanuni ya hiari kwa mashindano makubwa kwamba draiva isizidi inchi 46, na mzee wa Njoro mwenye draiva ndefu hakuguswa. Gofu haikuvunjika mara zote hizo.

Na kandokando ya Ziwa Victoria, Kisumu hadi Jinja, husimuliwa kanuni ya uwanjani ya enzi za ukoloni: mpira ukisimama karibu na kiboko au mamba, angusha mwingine mahali salama, bila adhabu. Naipenda kwa sababu aliyeiandika aliangalia mahali alipo na watu wanaocheza hapo.

Juzi nilimpigia simu mwalimu mmoja mstaafu niliyembebea begi miaka mingi. Bado anacheza kila Jumatano. Nilipomweleza msimamo wangu hakukubali.

"Kijana wangu," akaniambia, "raha ya gofu ni kwamba mimi na bingwa kama Rory McIlroy tunapiga mpira mmoja. Ukiweka wa kwake na wa kwangu, umenitoa mchezoni."

"Mwalimu," nikamjibu, "wewe ulipiga wa McIlroy. Mimi nilipiga ule uliokupotea mwaka uliotangulia."

Alinyamaza kidogo. Huyo McIlroy mwenyewe, nikamkumbusha, ni kati ya wanaopiga mbali kuliko wote, na aliunga mkono wazo la kuwabana mabingwa peke yao. Ndipo Mwalimu akauliza swali ambalo bado linanisumbua: na kedi anayetaka kuwa bingwa je? Dismas Indiza wa Mumias amecheza na wakubwa kwenye Kenya Open. Kijana anayetaka kufuata njia yake, akizoea mpira wa mbali Jumatatu, halafu siku ya kufuzu apewe mpira mwingine, si umemfungia mlango?

Ni swali la haki na sina jibu jepesi. Nasema hivi: kijana aliyefikia kiwango hicho tayari anahitaji viatu, nauli ya Nairobi, ada ya kuingia na mahali pa kulala. Dazeni mbili za mpira wa mabingwa ni sehemu ndogo ya mzigo huo, na huo ndio mzigo ambao klabu na wafadhili wanapaswa kumbebea. Huyo ni kijana mmoja katika mamia. Hawa mamia wengine hawatafika Kenya Open, wanataka Jumatatu yao tu. Kuwabadilishia wote mpira ili mmoja asibadilishe ni kuanzia kusikofaa.

Ningekuwa na sauti mbele ya R&A, ningewaomba warudi kwenye pendekezo lao la Machi 2023. Walikuwa sahihi mara ya kwanza, wakarudishwa nyuma na wenye nguvu. Wasiporudi, basi naziomba klabu zetu, kuanzia Nakuru hadi Kisumu, Eldoret na Kakamega, ziandike mapema, kabla ya 2030, kwamba mashindano ya makedi ya Jumatatu yatachezwa na mpira wowote uliopo mkononi. Ni mstari mmoja kwenye karatasi ya ubaoni.

Desemba nakuja nyumbani. Nimekusanya mipira tangu Machi, mingine nimenunua kwa mifuko, mingine nimeokota mwenyewe kwenye majani marefu ya viwanja vya huku, maana mkono haujasahau. Imefika 140. Nimeshaiosha na kuipanga kama tulivyofundishwa. Kedi masta, msimamizi wa makedi, ameniandikia nisiache ile iliyofutika majina. Anasema vijana wa sasa ndiyo wanayoanzia.