Siku niliyoingia stejini na pikipiki kama Rob Halford

Naanza na hili ili msije mkasema nimewaficha: pikipiki sijui kuendesha. Najua kuwasha, najua kuvuta mafuta, kusimamisha ndo mtihani.

Mi ni muimbaji wa bendi ya hevi metali. Muimbaji kwa maana kwamba wenzangu watatu wana vyombo na hakuna aliyetaka kushika maiki. Koo langu lilikuwa na shida moja tu, ule ukelele wa juu kabisa, ule wa Rob Halford, muimbaji wa Judas Priest, bendi ya metali ya Uingereza, unaopaa kama king'ora cha zimamoto, ulikuwa haunitoki. Miezi minne najifungia chumbani, pumzi itoke tumboni, shingo ilegee, taya ishuke, afu nikiachia kinatoka kitu kama bawaba yenye kutu. Mpiga gita akafika mahali akaniambia "kaka we ukifika hapo nyamaza tu, ntapajaza na gita."

Iliniuma. Nikawaza, kama sauti imegoma si angalau niingie kama yeye? Maana Halford bana sio koo tu. Kazaliwa 1951 huko pande za Birmingham, ujanani akafanya kazi kwenye ukumbi wa maigizo, Judas Priest kaingia 1973, na miaka ya sabini inaelekea kuisha ndo akaanza kutinga ngozi nyeusi na vyuma mwili mzima na kupanda stejini juu ya Harley-Davidson, yale mapikipiki makubwa ya Kimarekani, egzosi inanguruma kuliko spika. Ukiona mtu wa metali kavaa kama kafungwa minyororo na fundi wa viatu, chanzo kikubwa ni yule mzee. Yani stori hii nilikuwa naijua kwa kichwa, nimewasimulia bendi mpaka wamechoka. Nusu yake, kumbe.

Pikipiki tukaazima kwa mjomba wa mpiga besi. Sio Harley. Ilikuwa ya kubebea mizigo, nyuma ina keria na kamba ya mpira bado inaning'inia. Jaketi la ngozi nikapewa na mtu mwenye mwili mara mbili yangu, mikono inanifunika vidole. Nikamalizia na miwani nyeusi, usiku, ndani, na hili silaumu mtu, nilijivalisha mwenyewe.

Mpango ulikuwa rahisi: napanda kwa ubao ulioegeshwa nyuma ya steji, natembea kama mita nne, nasimama kwenye alama ya utepe mweupe katikati, nashuka, nashika maiki. Tulifanya mazoezi mara mbili, taa zinawaka, injini imezimwa, jamaa wananisukuma taratibu. Ilienda vizuri mno.

Sasa mashine ya moshi alikabidhiwa mdogo wake mpiga gita. Nikamwambia dogo, mwaga moshi wa kutosha. Dogo neno kutosha hajawahi kulisikia, akamwaga mpaka mashine ikaanza kukohoa, moshi ukajaa steji yote ukashuka kwa watu, gita linaanza, mi niko nyuma ya pazia nangoja zamu yangu na moyo unadunda, nikasikia mpiga dramu anagonga vijiti, moja mbili tatu, nikavuta mafuta.

Ubao niliupanda safi. Baada ya hapo ilikuwa kama nimeingia ndani ya godoro. Sioni utepe, sioni steji, sioni hata mikono yangu (jaketi), nasikia tu dramu zinazidi kuwa karibu. Nikatafuta breki, nikashika klachi. Gurudumu la mbele likaingia kwenye dramu kubwa la mguu, PUU, likatoboa ngozi likakaa humo, pikipiki ikalala na mi chini yake.

Mpiga dramu hakuacha kupiga. Alinieleza baadae alidhani ni sehemu ya shoo na hakuna mtu aliyemwambia. Watazamaji nao hivo hivo, moshi unapungua naona mikono imenyanyuliwa inatoa ile alama ya pembe ya vidole viwili, ile ambayo Ronnie James Dio, muimbaji mwingine wa metali, alisema kaichukua kwa bibi yake wa Kiitaliano, bibi alikuwa anafukuza nayo kijicho. Siku hiyo bibi alikuwa mbali.

Na hapo ndo egzosi ilipogusa shavu la mguu wangu.

Jamani. Ulitoka. Ule ukelele wa miezi minne, mrefu, msafi, hauna kutu hata chembe, maiki ilikuwa imeangukia karibu na mdomo wangu kwahiyo ukaenda spika zote. Ukumbi ukalipuka. Kuna mtu alilia. Nililia mimi pia ila sababu zetu tofauti.

Kesho yake nimelala na bendeji, nimeshika simu, nikaona kumbe mwaka 1991, Toronto, Halford mwenyewe aliingia na Harley yake kwenye moshi namna hiyo hiyo, ngazi za steji hazijakaa sawa, hakuziona, akazivaa na uso, pua ikavunjika, wenzake wakaanza kupiga bila muimbaji. Akaamka, akarudi akamaliza shoo ndo akaenda hospitali. Mi niliondoka baada ya wimbo nusu, nimebebwa, na kamba ya keria imenasa kwenye mkanda.

Jioni wakaja kuniona. Mjomba mtu nimeshamlipia taa ya mbele, ngozi ya dramu tumechanga. Mpiga gita akakaa kwenye kona ya kitanda, akatoa simu, akanisikilizisha ule ukelele, mtu alikuwa amerekodi. Akarudia mara tatu, kimya, anatikisa kichwa.

"Kaka," akasema, "hii shoo ijayo unaweza kuitoa tena?"

Nikamwambia haiwezekani, mguu umeungua.

Akaangalia ule mguu mwingine.