Tekno ni ya Detroit au ya Berlin?

Machi 2024 Ujerumani iliutia utamaduni wa tekno wa Berlin, yaani muziki wa dansi unaopigwa kwa mashine za elektroniki, katika orodha yake ya taifa ya urithi usioshikika. Wapenzi wa vilabu walishangilia. Wengine wakauliza: muziki wa vijana weusi wa Detroit, Marekani, umekuwaje urithi wa Mjerumani?

Swali si la choyo. Waasisi wa tekno, Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, walisoma Belleville, mji mdogo ulio karibu na Detroit, wakati viwanda vya magari vikipunguza watu. Usiku walitega masikio kwa mtangazaji aliyejiita Electrifying Mojo, ambaye angepiga funki, kisha Prince, kisha kundi la elektroniki la Kraftwerk, bila kujali msanii ni wa rangi gani. Atkins alianza na kundi la Cybotron, na 1985 akafungua lebo yake ya kutoa rekodi, Metroplex. Jina la tekno lenyewe lilienea 1988, pale kazi za Detroit zilipokusanywa katika albamu moja iliyotolewa Uingereza.

Watetezi wa Ujerumani hudakia hapo hapo kwenye Kraftwerk. Kweli, ni Wajerumani wa Düsseldorf, na Atkins hajawahi kuficha alivyowahusudu. Lakini kama aliyekupa chumvi ndiye mwenye mchuzi, basi tekno ni ya Wajapani: mashine za ngoma zilizoijenga, 808 na 909, ni za kampuni ya Roland. Mbona hao hawadai?

Hoja ya Berlin yenye uzito ni nyingine kabisa. Ukuta wa Berlin ulipoanguka Novemba 1989, upande wa mashariki ulibaki na majengo matupu ambayo mwenyewe hajulikani. Vijana wa pande zote mbili wakayaingia na spika zao. Klabu ya Tresor ilifunguliwa 1991 ndani ya chumba cha kuhifadhia fedha cha duka kuu la zamani. Nyumbani Detroit wasanii hawakuwa na soko kubwa. Ulaya ndiko walikojaza kumbi.

Kwa hiyo orodha ile siipingi, maadamu inasifu vilabu na maisha ya usiku ya Berlin, ambavyo kodi za pango zinavibana kweli. Ninachokataa ni masimulizi yanayoanzia 1989, kana kwamba muziki ulichipuka kwenye kifusi cha ukuta. Tresor wenyewe walijua ulikotoka: rekodi ya kwanza ya lebo yao, 1991, ilitengenezwa na Jeff Mills, Mike Banks na Robert Hood, wote wa Detroit.