Asiye na friji naye ana insulini ya kutunza

"Weka insulini kwenye friji." Ushauri huo kwa wanaojichoma dawa hiyo ya kisukari ni sahihi, ila unamfaa mwenye friji na umeme usiokatika. Mama yangu mdogo, anayeishi Tandahimba, hana friji. Msimu wa korosho, mvua zikiwa bado, bati la nyumba yake linawaka tangu saa nne asubuhi. Yeye aambiweje?

Aambiwe habari ya chungu, na kila kliniki ya kisukari Mtwara na Lindi ingeifundisha kwa vitendo. Chungu kidogo kinakaa ndani ya kikubwa, katikati unajaza mchanga na kuulowesha asubuhi na jioni. Insulini iwe kwenye kikopo kikavu chenye mfuniko, ndani ya kile chungu kidogo, kisha juu unafunika kitambaa kibichi. Kiwekwe kivulini penye upepo, maana maji yanapokauka ndipo ubaridi unapopatikana. Masasi, hewa ikiwa kavu, kinapoza vizuri kuliko Mikindani kwenye unyevu wa bahari, lakini hata Mikindani ni afadhali mara nyingi kuliko juu ya kabati chini ya bati.

Kichupa kilichokwisha kufunguliwa kwa kawaida hutumika kwa wiki 4 kama joto halizidi nyuzi 25 au 30, kutegemea aina. Ambacho hakijafunguliwa hutakiwa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo asiye na friji aombe kuchukua dawa kidogo kidogo. Na wenye friji wasiibandike kwenye barafu: insulini iliyoganda ni ya kutupa.

Kinachonitia hofu zaidi ni sukari kushuka shambani. Kuokota korosho juani ni kazi, na kazi inakula sukari. Juu ya hapo, mwili ukipata joto, insulini ya sindano huingia kwenye damu haraka. Mtu anatoka jasho, anatetemeka, maneno yanamchanganyika, na wenzake wanasema jua limemzidi, akalale chini ya mkorosho. Jamani, asiachwe alale! Apimwe. Ikiwa sukari iko chini ya 4 (mmol/L), au kama kipimo hakipo, anywe maji yenye vijiko 3 vya chai vya sukari, apimwe tena baada ya dakika 15. Akishindwa kumeza asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Ndiyo maana kila anayechoma sindano anapaswa kwenda shambani na sukari mfukoni, na mwenzake ajue ipo.

Kiu nayo isitulizwe kwa soda, juisi ya mabibo au madafu mawili matatu, maana hata dafu lina sukari. Maji matupu, tena kabla kiu haijabana. Najua kule Newala maji yanavyopatikana kwa taabu, lakini kwenye ndoo ya nyumbani mgonjwa wa kisukari ahesabiwe wa kwanza.

Waganga wetu wa wilaya, naomba kila kliniki iwe na vyungu viwili na ndoo ya mchanga, wagonjwa wajaribu kwa mikono yao kabla Oktoba haijafika.