Kiingereza Nakijua, Herufi Ndizo Zinanitoa Jasho

Nimefundisha Kiingereza Eastlands hii mpaka watoto niliowachapa kwa sababu ya "he go" sasa wananipigia honi wakipita na magari yao, mimi nikingoja matatu kwa steji. Nimestaafu. Mpwa wangu ananiambia, "Anko, siku hizi watu wanafundisha Wachina kwa kompyuta, wanalipwa dola." Dola sijawahi kuikataa.

Fomu ikaniuliza: una TEFL, TESOL ama CELTA? Nikamwambia kijana aandike sina hata moja, nina presha tu.

Kumbe ni za ualimu! TEFL ni kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni. TESL, kama lugha ya pili. TESOL ikaletwa iwabebe wote wawili. CELTA ni cheti cha Cambridge, na ukishailipia ukaimaliza, kuna DELTA, diploma yao, inakungoja na bei yake. Mtoto akiwa Beijing, Kiingereza chake ni EFL. Mlete Nairobi kinakuwa ESL. Mpeleke shule ya London, huko anaitwa EAL, mwenye Kiingereza kama lugha ya ziada, na mamake akitafuta darasa la jioni ataambiwa ni la ESOL, Kiingereza cha wenye lugha zingine. Na hao wote wanasoma "this is a pen"!

Si kwamba sisi herufi hatuzijui. Mshahara wangu ulitoka TSC, mitihani KNEC, silabasi KICD. Mtaala wa CBC tuliletewa 2017, na kabla wazazi hawajaacha kuniuliza ni nini, 2025 ikageuka CBE. Lakini hizo zetu angalau zina ofisi mjini, na soja wa kukuuliza unaenda wapi.

Nikasema wacha nisome. Kuna njia ya kufundisha inaitwa PPP: eleza, wazoeze, halafu waachie waseme wenyewe. Hiyo nimeifanya maisha yangu yote bila kuipa jina, wala hakuna aliyeniongezea mshahara. TTT ni muda ambao mwalimu anaongea, na wanataka upunguzwe. Mbele kidogo, TTT hiyo hiyo ni pima, fundisha, pima tena, na hiyo wanaisifu. Sasa niipunguze ama niiongeze? CCQ ndiyo nimeipenda: usiulize darasa "mmeelewa?", uliza swali litakaloonyesha kama wameelewa. Hapo wamesema kweli. Darasa letu lilivyojaa, ungeuliza "mmekufa?" wangekujibu "yes teacher" kwa sauti moja.

Halafu kuna IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza chako. Binti wa jirani ni nesi, anataka Uingereza. Amesomeshwa kwa Kiingereza kutoka shule ya msingi mpaka chuo, akaandika mitihani yote kwa Kiingereza, lakini lazima alipe athibitishe anakijua. Alama ni 0 mpaka 9, na hiyo 0 ni ya mtu ambaye hakujibu chochote, yaani hata kunyamaza kuna gredi. Matokeo yanakubalika miaka 2 tu, kama pakiti ya maziwa yenye tarehe ya kuharibika. Huyo msichana ananijibu kwa Kiingereza hata nikimsalimia kwa Kikamba, kitaharibika lini?

Tukafika chini kabisa ya fomu. "Taja L1 yako," yaani lugha ya kwanza, na nafasi ni ya moja pekee. Mimi ni wa Makadara. Ndani tuliongea Kikamba, kwa ploti Kiswahili, darasani Kiingereza, na uwanjani kile ambacho mama akisikia unalala njaa. Kijana ananingoja na kidole juu ya kibodi.

"Andika," nikamwambia, "inategemea ni nani amenikanyaga."